Mishale Iliyosingwa Liwa

Wiki iliyopita niliitwa kusugua liwa kwa ajili ya harusi ya binti wa shangazi yangu, hapa mjini, mtaa wa Malindi. Tulikaa ukumbini juu ya mkeka, wanawake tu, kila mmoja na jiwe lake na kipande chake cha mti wa liwa, tukisugua taratibu na kutonesha marashi. Harufu ilipopanda, wenzangu wakaanza kusimuliana harusi zao. Mmoja akanigusa goti: "Na wewe umenyamaza, unafikiri nini?"

Nilikuwa nafikiri nguruwe.

Sikumwambia, maana angecheka mpaka jiwe limtoke mkononi, na mimi tangu utoto si msemaji. Lakini wewe unayenisoma sikuoni usoni, kwa hiyo kwako naweza kueleza. Kwetu sisi liwa haikuwa ya maarusi tu. Ilikuwa ya mishale.

Nililelewa Mangapwani kwa bibi yangu mzaa mama. Nyumba yetu ilikuwa ya mawe na udongo, imeezekwa makuti, na nyuma yake shamba la muhogo liliteremka mpaka pale ardhi nzuri inapokwisha na maweni yanapoanza. Maweni ni nchi ya mawe makali, vichaka na mapango, jembe halipiti wala mguu mtupu haupiti. Humo ndimo walimolala nguruwe mwitu. Mchana huwaoni. Asubuhi ukitoka unakuta tuta zima limefumuliwa, mihogo mitamu imetafunwa nusu nusu, ile michungu imeachwa kama ilivyo, na Bibi amesimama mikono kiunoni akiwaapiza nguruwe, baba zao na babu zao.

Kazi yangu na Bibi ilikuwa kulinda. Tulikuwa na dungu, kichanja kirefu cha miti chenye paa la makuti, katikati ya shamba. Tulipanda humo na chai ya mchaichai na muhogo wa kuchoma, tukipiga makelele kufukuza kima. Ndiyo maana mpaka leo nikisikia harufu ya muhogo unaoungua kidogo pembeni, najiona niko juu juu, miguu inaning'inia.

Nguruwe lakini hawafukuzwi kwa makelele. Hao walikuwa kazi ya wanaume. Wasasi wa kijiji walikusanyika kila mara shamba la mtu linapoharibiwa sana. Wengi wao waliingia maweni kwa upande wa pili na mbwa, mikuki na madebe ya kupiga, wakimsukuma mnyama atoke kwenye mwanya mmoja baina ya mawe mawili makubwa, chini ya shamba letu. Kwenye mwanya ule alisimama mtu mmoja mwenye upinde. Yeye aliitwa wa mbele. Akipiga vizuri, kazi imekwisha. Akikosa, nguruwe hugeuka, na meno yake huwapata mbwa, na siku nyingine huwapata watu.

Wa mbele alikuwa mjomba wangu, kaka yake mama. Alikuwa mwembamba, mwenye maneno mengi na mikono mitulivu. Babu alikuwa wa mbele kabla yake, na upinde ulikuwa ule ule wa Babu. Mjomba alichonga mishale yake mwenyewe kwa fito za mkole, akaitia manyoya ya kanga na chembe za chuma, ndizo ncha zake, akaikaza kwa uzi na ulimbo. Sisi hatukuwa na minazi mingi wala punda. Tulikuwa na jambo hilo moja tu, kwamba wa mbele alitoka nyumbani kwetu. Nilipopita kisimani wasichana wakubwa walinipisha nichote kwanza. Wallahi walinipisha.

Sasa nikueleze ada ya Bibi, maana bila hiyo hutaelewa lolote. Mshale uliomwua nguruwe una damu yake, na damu hiyo ni najisi. Bibi hakukubali kitu hicho kiingie nyumbani hivi hivi. Aliuosha mara saba, mara moja kwa udongo, kama dini inavyotaka. Kisha aliuanika. Lakini kwake yeye kuosha hakukutosha. Mshale umeikomboa mihogo yetu, aliona si haki ukae kama kijiti cha kuchochea jiko. Kwa hiyo aliupaka mafuta ya nazi, akaukaza uzi mwekundu nyuma ya chembe, halafu akausinga liwa iliyochanganywa na ulimbo ili isipukutike, kama anavyosingwa bibi harusi. Kila ukiua tena, uzi mwengine na liwa nyengine juu ya ile ya zamani. Ilikuwa mishale ya kupendeza. Ungeinusa ungetaka kuivaa.

Na Mjomba naye, kila usasi, aliuchagua kwanza ule wenye nyuzi nyingi, maana huo umekwisha onekana una baraka.

Basi msimu mmoja Mjomba akaanza kukosa.

Mara ya kwanza watu walisema upepo. Mara ya pili mshale ulichimba udongo mbele ya pua ya nguruwe, Mjomba akatoa mwengine mpya kwa haraka, huo ukapita juu ya mgongo wake ukaenda zake. Mbwa mzuri wa jirani yetu alipasuliwa ubavu siku ile. Jirani huyo alikuwa mpiga debe, mtu wa mzaha, na tangu siku ile mzaha wake ukawa na pilipili.

"Yakhe," alimwita Mjomba barazani mbele ya watu, "nguruwe wanakusalimu. Wanasema ukipata nafasi upite tena, watoto wao wanapenda mchezo wako."

"Waambie nitakuja."

"Nshawaambia. Wamesema uje na macho."

Watu wakacheka. Mjomba naye alicheka, lakini aliporudi nyumbani alikaa ukutani akatazama vidole vyake kimoja kimoja.

Bibi alikuwa na maelezo yake. Aliona ni husuda. Akaifukiza mishale ubani, akaisinga liwa zaidi, safari hii kwa mkono mzito, ile yenye nyuzi nyingi hasa, maana ndiyo ya kutumainiwa. Usasi uliofuata Mjomba alikosa vibaya kuliko mwanzo.

Ndipo mkuu wa wasasi akaja kwetu, mzee mpole, akaketi barazani na hakuigusa kahawa yake. "Mwanangu," akamwambia Mjomba, "sisi tunakupenda. Lakini usasi ujao ukikosa tena, nafasi tutampa mwengine, nawe utashika debe. Si kwa ubaya."

"Naam," alijibu Mjomba. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango. Nilimwona Bibi amejifunika mdomo kwa upande wa kanga. Kushika debe si dhambi, jirani alilishika maisha yake yote kwa furaha. Lakini kuondolewa mbele na kupewa debe, mbele ya upinde wa Babu, hilo lilikuwa jambo jengine.

Bibi akaamua kwamba tumpeleke mjini akatafutiwe wanja wa kutibu macho. Alikuwa na kikuku chake cha fedha kilichokatika, akataka sonara akiunge safari hiyo hiyo. Mjomba alichukua podo la mishale begani, maana alitaka mhunzi amtilie chembe mpya kwenye mishale ambayo chembe zake zimepinda. Tulitembea asubuhi mpaka Bububu, tukapanda gari la moshi. Ilikuwa mara yangu ya kwanza. Cheche ziliruka zikatoboa kanga ya Bibi, akalitukana gari lote. Mtu mmoja alilitazama podo akauliza, "Bwana, unakwenda mjini kumpiga nani?" Mjomba akamjibu, "Wa kwanza atakayeniuliza." Gari zima likacheka, na nilifurahi kumsikia, maana siku nyingi alikuwa hajajibu mtu.

Sonara alikaa katika kichochoro chembamba, mbele yake kasha dogo na mizani ndogo yenye visahani kama maganda ya chaza. Aliishika kwa uzi baina ya vidole viwili. Upande mmoja akaweka kipande cha kikuku, upande wa pili akawa anatia punje za tipitipi, zile nyekundu zenye jicho jeusi ambazo sisi watoto tulizitunga ushanga. Akitia punje, kisahani kinashuka kidogo. Akitia nyengine, kinashuka tena. Nilitazama mpaka nikasahau kufumba mdomo.

Halafu likanijia jambo. Nyumbani Mjomba alipojizoeza kulenga shina la mgomba, mwokotaji wa mishale nilikuwa mimi. Nilijua kila mmoja ulipoangukia. Ile yenye nyuzi nyingi niliikuta siku zote chini ya mgomba, imechoma udongo. Ile mipya niliikuta nyuma kabisa, katika tuta la bamia. Nilidhani kila mtu anajua. Na mkononi ile ya nyuzi ilikuwa inanielemea.

Nilimvuta Mjomba kanzu. Nikamnong'oneza.

"Nini? Sema, sisikii."

Sonara akainua macho. Bibi akageuka. Niliishika kanzu yake kwa mikono miwili, nikasema kwa sauti, "Tupime mishale."

Sonara akacheka. "Bibi mdogo, hii mizani ya dhahabu, si ya kuni." Hata hivyo alikuwa mtu mwema. Alivitoa visahani, akafunga uzi, akatundika mshale mmoja wa nyuzi nyingi upande huu na mmoja mpya upande ule. Ule wa nyuzi ukashuka mara moja, mpaka ukagonga kasha. Sonara akarudisha kisahani upande wa mshale mpya akaanza kutia tipitipi. Alitia, akatia, akachota nyengine kwenye kopo, ndipo mti wa mizani ukasimama sawa.

Mjomba aliutazama mkono wake kama mtu aliyerudishiwa kitu kilichopotea. Akaanza kucheka peke yake. "Nilikuwa nnatupa jiwe na unyoya," akasema, "halafu nnajiuliza kwa nini haviangukii pamoja!"

Bibi hakucheka. Alichukua kikuku chake, akatoka nje. Wanja hatukununua. Garini alikaa ametazama minazi inapita, na tulipokaribia Bububu ndipo akasema, kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo mimi ndiye niliyemharibu mwanangu."

"Mama, wacha. Nitaikwangua tu kidogo kwa kisu."

"Uikwangue!" Akamgeukia. "Mshale nliouosha kwa mkono wangu, nkausinga kwa mkono wangu, wewe uutie kisu? Huu hapa ulilinda mihogo mwaka ule wa homa. Huu uliua siku ya arusi ya dada yako. Ukwangue, na mimi unikwangue."

Mjomba akainamisha kichwa. "Basi, Mama. Siigusi."

Na kweli hakuigusa. Siku za usasi zilikaribia, na yeye akaiacha mishale ikaning'inia kama ilivyo. Hata kwenda na mipya peke yake aliona ni kumkana mama yake, na heri apoteze nafasi ya baba yake kuliko kumtia aibu. Na mimi nilijiona nimefanya baya kubwa, kufungua mdomo mara moja tu na kuvuruga nyumba na mishale pamoja. Nilikula kichwa chini. Bibi aliketi uani na mshale mapajani, akiupitishia kidole toka manyoya mpaka chembe.

Alhamisi asubuhi akaniita. "Lete jiwe la liwa."

"Naam, Bibi."

"Na ile mishale mipya ya mjomba wako."

"Ipi?"

"Yote. Kama hawa wakubwa wamevaa nguo nzito, basi na wadogo zao wavae. Nani kasema lazima tumvue mtu?"

Nilikimbia mpaka nikajigonga kizingitini.

Tulitengeneza mizani yetu kwa vifuu viwili, kijiti na kamba ya usumba wa nazi. Tipitipi niliziokota mwenyewe ukingoni mwa maweni, nikazichambua, zile ndogo na zilizonyauka nikazitupa. Bibi alichagua mshale mzito kuliko yote, akautia upande mmoja siku nzima, na huo ndio ukawa kipimo. Mwengine wowote ulitundikwa upande wa pili. Ukipanda juu, nilitia tipitipi kujua umepungukiwa kiasi gani, kisha Bibi aliukaza uzi mwekundu pale pale nyuma ya chembe, akaupaka mafuta, akausinga, tukauanika, tukaurudisha mizanini ukishakauka. Maana liwa mbichi ina maji na inadanganya. Hilo tulijifunza baada ya kuharibu kazi ya asubuhi nzima. Mishale miwili haikulingana hata kwa dawa, fito zake zilikuwa nyepesi kama mabua, Bibi akanipa nifukuzie kuku. Iliyobaki aliisinga tena na tena mpaka ukitundika wowote na mwenziwe, mti wa mizani unasimama kama mtu aliye katika sala.

Mkono wa Bibi ulikuwa unatetemeka kidogo kwa uzee, kwa hiyo mshika mizani nilikuwa mimi. "Umesimama?" aliniuliza kila mara. Nami nilijibu, "Bado, Bibi," au, "Umesimama, Bibi," na neno langu ndilo lililofuatwa. Mtoto nisiyesikika hata nikiitikia salamu!

Mjomba alipewa mishale yake bila hotuba. Akaenda kwenye mgomba. Mshale wa kwanza ulianguka chini ya mgomba. Wa pili pale pale. Wa tatu pale pale, mpaka manyoya yakagusana. Nilitaka kulia, lakini Mjomba alipiga ukelele wa furaha. "Unaona? Sasa yote inakosa pamoja!" Akainua mkono, kiasi cha upana wa kiganja tu, na kuanzia hapo mgomba ule haukupata raha. Bamia zetu zilipona.

Siku ya usasi mimi na Bibi tulikuwa juu ya dungu. Tulisikia madebe mbali ndani ya maweni, kisha mbwa, kisha pembe. Chini, kwenye mwanya, Mjomba alisimama mguu mmoja mbele. Mkuu wa wasasi alikuwa nyuma yake, na pembeni amesimama kijana mwengine mwenye upinde, ameletwa makusudi. Kila mtu alijua ameletwa kwa sababu gani.

Jirani alitokea kwanza juu ya jiwe, debe mkononi. "Yakhe! Anakuja! Naskia harufu ya harusi, nguruwe atadhani kaalikwa!"

Nguruwe akatoka. Alikuwa dume, mkubwa, manyoya ya mgongo yamesimama, na hakukimbia moja kwa moja, alikata upande kuelekea muhogo wetu, chini ya dungu. Nikamwona Mjomba anageuka naye, bila haraka. Bibi alinishika mkono mpaka kucha zikaingia. Ugwe wa upinde ukalia. Mshale ulizama nyuma ya bega la mnyama, akapiga hatua kama mlevi. Kabla hajageuka, wa pili ukaingia kando ya ule wa kwanza, karibu hata manyoya yake yakaonekana kama ya mshale mmoja. Akaanguka ubavu juu ya tuta la muhogo. Mbwa hata mmoja hakuguswa.

Kisha jirani akaliweka debe lake chini, akaliendea lile shimo la mshale akainama, akalitazama la pili, akasimama. "Wanja gani huo uliopaka? Na mimi nikampakie mke wangu, huniona mbaya kila siku!"

"Muulize mama," akasema Mjomba, akanyoosha mkono kuonesha dungu. Wanaume wote wakainua vichwa wakatutazama. Bibi akajitanda kanga vizuri. Halafu akasema kwa sauti ya kusikika mpaka maweni, "Nani anaharibu muhogo wangu kwa kusimama juu yake? Shukeni!"

Kijana mwenye upinde wa pili alikuwa wa kwanza kushuka, na alikuwa anatabasamu.

Baada ya siku ile wasasi walileta mishale yao kwetu. Walikuja wa Mangapwani, baadaye hata watu wa kaskazini wakapita na mafurushi. Waliketi barazani, na mimi niliitwa kwa sauti: "Yuko wapi mtoto wa mizani?" Bibi aliwasuta kwa fito mbovu na manyoya ya kuku. Alikataa kumhudumia mtu aliyeleta mshale ambao haujaoshwa. Jirani alileta mshale mmoja tu, ingawa hakuwa na upinde. Alisema anataka usingwe kwa sababu ni mpweke.

Bibi amekwisha kufariki. Vichaka vingi vya maweni vimekatwa, nguruwe wamesogea mbali, na wanaokwenda kuwasaka siku hizi wana bunduki ya kukopa na haraka nyingi. Nilipokwenda Mangapwani mara ya mwisho sikukuta mtu anayejua kwamba mshale unaweza kunukia. Dungu limeanguka. Pale lilipokuwa pana mkorosho.

Lakini nafasi ya mbele Mjomba hakunyang'anywa. Aliishika miaka mingi, mpaka kweli macho yake yakachoka, na aliyelijua hilo kwanza ni yeye mwenyewe. Asubuhi moja ya usasi, kabla watu hawajapangwa, alimwita yule kijana aliyeletwa siku ile, akamvika podo begani, akamwonesha kiasi cha kuinua mkono: upana wa kiganja. Kisha akamwendea jirani, akamnyang'anya debe kwa mzaha, akaingia nalo maweni akilipiga kwa nguvu kuliko wote.

Tulimsikia mpaka dunguni. Bibi alisikiliza kwa muda, akasema, "Huyo ni mwanangu," akaendelea kumenya muhogo.